Chuo kipya cha udaktari ng'ambo: mzazi ahakiki nini kabla ya kulipa ada?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, familia nyingi za Kiislamu huanza kushauriana juu ya kumpeleka kijana wao kusomea udaktari nje ya nchi. Nafasi katika vyuo vya nyumbani ni chache na waombaji ni wengi. Hapo ndipo wakala hufika na vipeperushi vyake: chuo kipya cha binafsi nchini Malaysia, majengo ya kuvutia, ada ya kulipwa kwa awamu, chakula cha halali na misikiti kila upande.

Sifa hizo si za kupuuzwa. Mzazi hulala kwa utulivu akijua kuwa binti yake ana mahali pa kuswali. Lakini uhalali wa chakula hauthibitishi uzito wa shahada. Udaktari ni taaluma inayolindwa kwa sheria, na shahada peke yake haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Kwa hiyo swali linalotangulia mengine yote ni hili: kijana wetu akirejea na shahada hiyo, je, ataruhusiwa kutibu?

Upya wa chuo wenyewe si kasoro. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1997, nacho kilikuwa kipya na cha binafsi. Leo madaktari wake wanatutibu. Tatizo ni kwamba chuo kipya hakina wahitimu wa kukitolea ushahidi, hivyo ushahidi hauna budi kutafutwa kwingine.

Tuanze na ithibati. Nchini Malaysia, kozi mpya ya udaktari hupewa kwanza ithibati ya muda. Ithibati kamili hufuata baada ya ukaguzi, wakati kundi la kwanza la wanafunzi linapokaribia kuhitimu. Basi ukiambiwa kuwa chuo "kimeidhinishwa", uliza: kwa muda au kikamilifu? Jibu litafute kwa Baraza la Madaktari la Malaysia lenyewe, wala si kwa wakala anayelipwa kwa kila mwanafunzi anayemsajili.

Wengine huonyeshwa jina la chuo katika Orodha ya Dunia ya Shule za Udaktari, wakadhani hoja imekwisha. Watunzaji wa orodha hiyo wenyewe wanaeleza kuwa kuorodheshwa si ithibati. Jina lisipokuwemo, simama; likiwemo, endelea kuuliza.

La pili ni hospitali. Udaktari hausomwi darasani tu. Husomwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Vyuo vingi vya binafsi vya Malaysia havina hospitali zao, hutegemea hospitali za serikali. Uliza ni hospitali ipi, kama kuna mkataba wa maandishi, na vyuo vingapi vinagawana wodi hizo hizo. Wasiwasi huu hata serikali ya Malaysia iliuona: mwaka 2011 ilisitisha kuanzishwa kwa kozi mpya za udaktari. Kumbuka pia kwamba masomo yanaweza kuwa ya Kiingereza, lakini mgonjwa wa Kelantan au Penang atajieleza kwa Kimalei. Kijana asiyejifunza lugha hiyo atasimama wodini kama mgeni.

La tatu ni uimara wa fedha za chuo. Allianze, chuo cha binafsi cha sayansi za tiba kilichokuwa jimboni Penang, kilifikia hatua ya kununua kampasi kaskazini mwa London. Kufikia mwaka 2014 kilikuwa kimeelemewa na madeni, mishahara ya wafanyakazi ikacheleweshwa, na hatimaye kikafungwa. Wanafunzi wake walilazimika kutafutiwa nafasi katika vyuo vingine. Ukubwa wa majengo, basi, si dalili ya usalama. Uliza chuo kinamilikiwa na nani, ada hurejeshwaje mwanafunzi akiondoka, na nani atawapokea wanafunzi chuo kikifungwa. Ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na stakabadhi zihifadhiwe. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

La nne, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa, liko hapa nyumbani. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotambua shahada za nje. Ofisi yake iulizwe kabla ya safari, hasa kijana anapopokelewa kwa kozi ya matayarisho baada ya kukosa alama za udaktari zinazotakiwa nchini. Leseni ni jambo jingine: kwa Bara husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa Visiwani na Baraza la Madaktari Zanzibar. Yaulizwe yote mawili, na majibu yapatikane kwa maandishi. Mafunzo kazini baada ya shahada huchukua miaka 2 Malaysia, na mwaka 1 hapa kwetu. Ijulikane mapema kijana atayafanyia wapi.

Maswali haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji barua chache, simu chache na subira ya wiki kadhaa. Wakala akikuharakisha kwa hoja kwamba nafasi zinakwisha, haraka hiyo iwe sababu ya kuongeza uangalifu. Tunafundishwa kuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, na kushauriana pamoja na kuswali istikhara.

Jibu moja likikosekana, ni afadhali kijana asubiri mwaka mmoja nyumbani. Mwaka huo utafidika. Miaka mitano ya ujana wake, pamoja na kiwanja kilichouzwa ili asome, ni vigumu kufidika. Na hata fedha zingekuwepo tele, yuko mwingine mwenye haki katika jambo hili: mgonjwa ambaye siku moja atamkabidhi kijana wetu uhai wake, bila kujua alisomea wapi.