Je, Wajua? Mitego Inayosimamisha Programu

Mtego wa kale ulikuwa waya
ENIAC, kompyuta ya Marekani iliyozinduliwa 1946 ikiwa na valvu karibu 18,000, ilisimamishwa katikati ya kazi kwa kuchomoa waya. Anayesifiwa kwa kubuni brekipointi, yaani mahali programu inaposimama ili ikaguliwe, ni Betty Holberton, mmoja wa wanawake 6 walioiandalia mashine hiyo programu.

Baiti moja tu yatosha
Kwenye prosesa za Intel, baiti hiyo ni CC. Programu ya ukaguzi huipachika juu ya amri halisi; prosesa ikiifikia tu, inasimama. Lakini haipachikiki kwenye ROM, wala haikwambii ni nani anayeichezea data yako.

Majina manane, nafasi nne
Ndipo mwaka 1985 ikaja Intel 80386 na rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za ukaguzi, DR0 hadi DR7. Ni nne za mwanzo tu zinazobeba anwani za kuchungwa. Hata leo, kila moja huchunga baiti zisizozidi 8: jumla 32, chini ya robo ya SMS moja! Uzuri wake ni kwamba prosesa huchunga yenyewe, na programu haipunguzi mwendo.

Keneli ndiyo mgawaji
Keneli ni kiini cha mfumo wa uendeshaji. Ile ya Linux, toleo 2.6.33 la Februari 2010, ilileta utaratibu wa pamoja wa kuzigawa rejista hizo. Keneli ikipumzisha programu moja na kuingiza nyingine, hubadilisha na mitego yake, hivyo kila programu hunasa mambo yake. Nafasi zikijaa, mwombaji anayefuata hukataliwa.

Kengele iliyochelewa kulia
Mei 2018 lilitangazwa tundu moja la usalama lililozikumba Linux, Windows na macOS kwa pamoja. Baada ya amri ya MOV SS, prosesa huahirisha kengele ya mtego mpaka amri inayofuata ipite. Amri hiyo ikiwa ya kuingia kwenye keneli, kengele inalia humo humo ndani! Waundaji wa mifumo hiyo yote hawakuwa wamezingatia jambo hilo.

Jaribu mwenyewe
Kwenye kompyuta ya Intel, endesha programu yako ndani ya programu ya ukaguzi iitwayo GDB, kisha andika watch na jina la kigeu. Ukijibiwa “Hardware watchpoint”, ujue umeomba nafasi kwenye zile rejista nne.