Ukuta Kando ya Dari

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8



Katika somo letu Waisraeli waliamriwa kwamba mtu ajengaye nyumba mpya azungushie dari lake ukuta, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Dari zao zilikuwa tambarare, na wageni walikaribishwa huko juu. Angalieni: Mungu hakungoja mtoto aanguke ndipo ukuta ujengwe. Sisi wa Kitui na Makueni twalielewa jambo hili. Matuta ya shamba huchimbwa jua likiwaka, kabla ya mvua ya Novemba. Maji yakishaanza kuchukua udongo, jembe limechelewa.

Chanjo ni ukuta wa namna hiyo. Huuonyesha mwili adui aliyedhoofishwa, au sehemu yake tu, ili mwili ujifunze kumshinda kabla hajaja na nguvu zake. Kwa njia hii ndui, iliyoua watu wengi sana, ilikomeshwa. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa katika jamii alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imekwisha.

Mtoto wetu akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14 kukingwa na polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na mengineyo. Akiwa na miezi 9 huchanjwa surua na rubela, na mara ya pili akiwa na miezi 18.

Safari hii ya mwisho ndiyo wengi huiacha. Mtoto anatembea, ana afya, na shamba lina kazi. Lakini kati ya watoto 100 wachanjwao surua wakiwa na miezi 9, kama 15 hawapati kinga ya kutosha, na kwa macho huwezi kuwatambua. Sindano ya pili huwafikia wengi wao. Tena surua huenea upesi mno, hata yafaa watu 95 kati ya 100 wawe na kinga ili izuiliwe. Mtoto mchanga wa jirani, ambaye hajafikisha miezi 9, hana ukuta wake mwenyewe. Anautegemea wako.

Wengine watauliza, "Je, kuchanja si kupungukiwa na imani?" Katika sehemu za Mwingi na Tharaka wako wafuasi wa Kavonokya, wanaokataa dawa na chanjo wakisema maombi yatosha. Tusiwacheke, wanawapenda watoto wao kama sisi. Lakini tumkumbuke mfalme Hezekia. Alikwisha kuahidiwa na Bwana miaka 15 zaidi, na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Ahadi na dawa zilitoka kwa Mungu yule yule.

Ukisikia neno sokoni juu ya chanjo, usilipeleke nyumbani kabla ya kuliuliza. Chukua kitabu cha Mama na Mtoto, uende kwa muuguzi wa zahanati. Muulize chanjo hii yakinga nini, na mtoto atajisikiaje kesho. Homa kidogo, au uvimbe palipochomwa sindano, ni jambo la kawaida na hupita, ikizidi, mrudishe. Kama tarehe imepita, nenda hata hivyo. Katika zahanati za serikali chanjo hizi hazilipiwi.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Leo jioni, kabla ya maombi ya nyumbani, fungueni kitabu cha mtoto mtazame ni wapi ukuta haujakamilika.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewabariki watoto wadogo, utupe hekima ya kuwalinda hawa uliotukabidhi, na watoto wa jirani zetu pia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.