Deni la serikali linamfikia nani?

Mtu aliyeacha nyumba na shamba lake anaweza kusema: «Deni la serikali si shauri letu.» Sisi tunaona kwamba linamfikia yeye mbele ya wengine. Tueleze kwa nini.

Serikali inapata feza kwa kodi, ushuru wa mipakani na madini. Inaitumia kwa mishahara, barabara, shule na hospitali. Matumizi yakipita mapato, kunakuwa na pengo. Ili kuliziba, serikali inakopa, au Benki Kuu inachapa noti. Kukopa si kosa, kama feza inajenga kitu kitakacholeta mapato. Hatari inaanza deni linapopita nguvu ya kulilipa.

Congo imekwisha kuyaona hayo. Miaka ya 1970, Zaire ilikopa sana katika nchi za nje, ikitegemea bei nzuri ya shaba. Sehemu ya mikopo ilijenga laini ya umeme ya kilometa 1,700 hivi, kutoka Inga hadi Shaba. Mwaka 1974 bei ya shaba ilianza kuanguka, na mwaka 1975 serikali ikashindwa kulipa wadai.

Miaka ya 1990 serikali ilizidi kuchapa noti, na bei zikapanda kila siku. Mwezi wa kwanza 1993, askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alikuwa ameitangaza kuwa si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari wakapora Kinshasa, na watu wengi wakauawa. Mwezi wa kumi mwaka uleule, zaire milioni 3 za zamani zikabadilishwa kwa zaire mpya 1.

Hapo ndipo deni linagusa amani. Askari asiyelipwa anatafuta chakula chake kwa raia, njiani na kwenye bariere. Tena, bei zikipanda, mwenye shamba bado ana mihogo yake. Jamaa iliyokimbia inanunua kila kitu, hata kuni.

Mwaka 2010 wadai walisamehe Congo deni la dola bilioni 12.3 hivi. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu 1975. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa kukopa walikua chini ya deni hilo.

Viongozi wafanye nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 214, inataka mapatano na nchi za nje yanayohusu feza ya serikali yapitishwe kwa sheria. Bajeti ya kila mwaka pia inapitishwa na wabunge. Basi, mbunge wenu akifika, muulizeni bila ugomvi:

- Tumekopa feza ngapi, na kwa kazi gani?
- Italipwa mwaka gani, kwa mapato gani?
- Mishahara ya askari na walimu imo katika bajeti? Inawafikia?

Wanawake na vijana wawemo katika mazungumzo hayo. Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya watu wote.