Haki za mkeo si fadhila zako, bwana

JE, umewahi kumsikia bwana akijipiga kifua kwamba yeye huwa 'anamsaidia' mkewe kazi za nyumbani? Yamkini hata wewe umelitamka neno hilo. Umeosha vyombo Jumamosi asubuhi, na kufikia jioni marafiki zako wote wamekwisha kupata habari.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Anayesaidia ameingia katika kazi ya mwingine kwa hisani yake. Akichoka huondoka, na hakuna wa kumlaumu. Lakini nyumba hiyo ni ya nani? Watoto hao ni wa nani? Wewe unayekula chakula hicho na kuvaa shati hilo lililopigwa pasi, unamsaidia nani?

Wanaume wengi wa mijini hukubali kwamba wanawake wana haki sawa na wao. Shida ni kwamba haki hiyo huitoa kama zawadi, kisha wakangoja kushukuriwa. Mwanamume anayetaka kwa dhati kusimama na wanawake na aanze kujichunguza papo hapo.

Nani hukumbuka?

Mwaka 2021, Shirika la Taifa la Takwimu lilichunguza jinsi Wakenya wanavyotumia wakati wao. Ilibainika kwamba muda ambao wanawake hutumia katika kazi za nyumbani na ulezi bila malipo ni karibu mara 5 ya ule wa wanaume. Kabla ya kubisha, fanya hesabu ya nyumbani kwako. Nani huamka kwanza? Nani ajuaye siku ya chanjo ya mtoto? Nani huomba ruhusa kazini mtoto akishikwa na homa? Kukumbuka nako ni kazi. Bwana anayengoja kuambiwa kwamba unga umekwisha amemwachia mwenzake mzigo wote wa kufikiri.

Sheria yenyewe haikubaliani na dhana ya hisani. Ile ya Ajira ya 2007 humpa baba likizo ya wiki mbili yenye malipo mkewe anapojifungua, na si ya kwenda kukagua ploti. Nayo Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 huhesabu upishi, usafi na malezi kuwa mchango katika mali ya familia. Kwa hivyo, yule mama unayesema 'hafanyi kazi' amechangia nyumba hiyo hata kama hakununua tofali moja.

Ukimya wetu

Nje ya nyumba, kosa kubwa huwa ni kunyamaza. Makanga humtukana abiria wa kike, na wanaume waliojaa ndani ya matatu wakageukia madirisha kana kwamba hawajasikia. Novemba 2014, wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani, na kabla ya mwaka huo kwisha kitendo hicho kikawekewa adhabu kali katika sheria. Watenda maovu ya aina hiyo huwa wachache. Ukimya wa wengi ndio huwapa nafasi.

Wabunge nao si tofauti. Februari 2019, mswada wa kutekeleza kanuni ya kikatiba kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ulihitaji wabunge 233. Waliokuwemo ukumbini walikuwa 174. Mswada haukuangushwa kwa kura. Ulikufa kwa sababu watu hawakufika.

Wewe kijana wa chuo, usicheke. Katika kikundi chenu cha majadiliano, kwa nini msichana ndiye huwa karani kila mara? Na mwenzenu akidai kwamba fulani alipandishwa cheo kwa sababu ya sura yake, mwambie palepale, bila kelele, kwamba hiyo si kweli. Lakini jihadhari usiwe msemaji wa wanawake ilhali wenyewe wapo. Wakisema, sikiliza.

Mtihani wa shamba

Kuna mtihani mmoja ambao huwashinda wengi. Mzee amefariki bila kuacha wosia, na familia imekutana nyumbani kugawana mali. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, kwa jumla huwagawia watoto sawasawa bila kubagua wa kike na wa kiume, ingawa Waislamu wana utaratibu wao. Hata hivyo, mjomba atasema kwamba dada yenu ameolewa, basi atapata kwa mumewe. Papo hapo yule ndugu aliyesoma, aliyebeba bango la haki za wanawake mjini, hutazama chini. Anajua kwamba dada akipata fungu lake, fungu lake yeye litapungua.

Ndoa ya dada huyo ikivunjika, atarudi wapi? Ukisema neno siku hiyo, mbele ya wazee, utakuwa umesimama naye kweli. Kuunga mkono jambo lisilokugharimu chochote ni rahisi mno.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanao wa kiume anakutazama, na binti yako pia. Leo ni Jumapili. Mkimaliza kula, inuka ukusanye sahani, si yako pekee. Zioshe. Na tafadhali, usimpigie mtu simu kumwambia.