Unasibu wa Vitufe: Kupanga Amri za Simuleta kwa Safari ya Wilson hadi Garissa

Wanaisimu wanakubaliana kwamba uhusiano wa neno na kirejelewa chake ni wa kinasibu: sauti za neno "mto" hazifanani kwa vyovyote na maji ya Tana yapitayo Garissa. Uhusiano wa kitufe cha kibodi na amri ya kuongoza ndege ni wa namna hiyo hiyo. Makala haya yananuia kufafanua jinsi uhusiano huo unavyopangwa upya katika simuleta ya urubani, yaani programu ya kompyuta inayoigiza urukaji wa ndege.

Mfano mwafaka ni FlightGear, programu isiyolipiwa ambayo ilianza kuundwa katika miaka ya 1990. Humo, g ndogo hukunja magurudumu ilhali G kubwa huyateremsha. Usukani wa mkia umepewa 0 na Enter katika safu ya tarakimu iliyo upande wa kulia wa kibodi. Hapo ndipo tatizo huanzia, kwani kompyuta ndogo za mkononi aghalabu hazina safu hiyo. Faili iitwayo keyboard.xml huorodhesha kila kitufe na amri yake, nayo yaweza kuhaririwa. Ni busara kuhifadhi nakala ya asili kwanza.

Je, amri zipi zipewe vitufe vya karibu? Safari ndiyo huamua. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Ule wa Garissa hauzidi futi 500. Rubani wa Cessna 172 yenye injini ya pistoni hupunguza petroli inayochanganywa na hewa, maana hewa ya Nairobi ni nyepesi. Anaposhuka kuelekea nyanda za Garissa hewa huzidi kuwa nzito, na asipoongeza petroli injini hukohoa, pengine ikazimika. Hivyo basi, kidhibiti cha mchanganyiko, ambacho wanaoanza hukipuuza, kinastahili kitufe kisichotafutwa kwa macho. Magurudumu ya ndege hiyo nayo hayakunjwi. G na G zaweza kupewa kazi nyingine.

Visawe havina madhara: vitufe viwili vyaweza kubeba amri moja. Homonimu ndizo hatari. Msikilizaji wa neno "kaa" husaidiwa na muktadha kujua iwapo ni mnyama, kipande cha moto au amri ya kuketi. Programu haina hekima hiyo. Kitufe kilichopewa breki na flapu pamoja hakitauliza kilichokusudiwa.

Jostiki huleta suala jingine. Kitufe hubonyezwa au hakibonyezwi, mithili ya fonimu iliyopo au isiyokuwepo. Mhimili wa jostiki hupanda na kushuka hatua kwa hatua kama kiimbo. Jostiki kuukuu isiyorudi katikati barabara huifanya ndege iegemee upande mmoja, na dawa yake ni kutenga eneo dogo la katikati ambamo mwendo wake haihesabiwi.

Majaribio yafanywe ndege ikiwa ingali chini, pale Wilson. Jostiki ikisukumwa kulia, kibawa cha nyuma ya bawa la kulia sharti kiinuke. Kikishuka, mhimili umegeuka, nao urekebishwe kabla ya breki kuachiliwa.