Mashairi Yetu Yasisafiri Bila Jina

Kijana wa Malindi au Kilifi atungaye mashairi leo hana haja ya kumngoja mhariri wa Nairobi. Akiwa na simu, hulighani shairi lake asubuhi kando ya mto Sabaki, na hata kabla ya adhuhuri laweza kusikika Maskati na London. Walimu wake humpongeza, na hawakosei. Walakini kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa darasani: msikilizaji wa Maskati akilipenda, atamjuaje aliyelitunga?

Tuutazame mfano wa papa hapa. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014, aliwapata wasikilizaji wake harusini na kwa kanda za kaseti, ambazo watu walinakiliana nyumba kwa nyumba. Leo nyimbo zake zimo YouTube, zimewekwa humo na mashabiki. (Simlaumu shabiki; joto la pwani halihifadhi kanda.) Lakini aghalabu hutajwa mwimbaji peke yake, ilhali baadhi ya mashairi aliyoyaimba ni ya Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotolewa mwaka 1971. Kijana asiyekaa na wazee hatalijua hilo.

Watunzi wa kale waliifahamu hatari hii. Mwana Kupona aliutunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya msikilizaji mmoja tu, binti yake Mwana Hashima. Ukanakiliwa kwa mkono, ukaenea pwani nzima. Jina halikupotea, kwa kuwa mtunzi hakuliandika pembeni ya karatasi, ambako mnakili mvivu angeliacha. Alilitia ndani ya beti za tamati, pamoja na Pate alikozaliwa na mwaka wa Hijria.

Hilo ndilo la kuigwa. Maelezo yaandikwayo chini ya video hubaki nyuma mara tu video inapopitishwa kwa WhatsApp. Ubeti wenye jina husafiri na shairi, na atakayeuondoa itambidi aukate kwa makusudi. Ni kweli kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi hata asiposajili kazi yake, mradi imeandikwa au kurekodiwa. Lakini sheria humfaa yule awezaye kuthibitisha kuwa kazi ni yake. Wala haimtafutii msikilizaji arudi kuuliza kama kuna shairi jingine.

Darasani tunafundisha vina, mizani na urari wake, kisha beti za kujitaja twazipita haraka kana kwamba ni mapambo ya zamani. Walimu wa Kiswahili wa Malindi, Mambrui na Watamu wanaweza kuanza muhula ujao: kila mwanafunzi atunge ubeti mmoja wa tamati, wenye jina lake, kwao na mwaka, vina vikiwa vimetimia, kabla hajaishika simu.