Bua Kavu Lina Wenyewe

Wajukuu, mmeshaona Agosti ikielekea ukingoni jinsi moshi unavyosimama vilimani kuanzia Kasese mpaka Bwera? Mvua za msimu wa pili ziko njiani, na kila mwenye shamba anataka pawe safi kabla ya kupanda maharage. Kwanza panga, kisha jembe, halafu kiberiti. Pakishakuwa peusi na patupu, wapita njia husifu: huyu kweli mchapakazi! Mimi nikipita naguna. Kachoma nyumba za watu.

“Watu gani, Bibi?”

Sogeeni. Hili ni tete lililovunjika tangu msimu uliopita, limekauka kabisa. Nalipasua kwa kisu, taratibu. Mnaona? Ndani mmejaa vipande vya majani vilivyoviringishwa kama zile chapati za mayai, rolex, za pale stendi, kimoja nyuma ya kingine. Kila kifurushi kina donge la chavua lililolainishwa kwa maji matamu ya maua, na juu ya donge kuna yai moja tu. Aliyevifunga ni nyuki asiye na mzinga wala malkia, anaishi peke yake. Nendeni kwenye mbaazi mtazame majani yaliyokatwa mviringo ukingoni; huyo ndiye fundi wake. Akishaziba tundu anakwenda zake, na watoto hukua humo gizani bila mlezi. Kiberiti kikipita, kwisha habari yao.

Tunapoteza nini sisi? Maboga, kwanza. Boga lina maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja, na chavua yake ni nzito, inanata, upepo hauiwezi. Nyuki asipofika, kile kiboga kichanga chini ya ua hugeuka njano na kuoza. Na msidhani kazi ya nyuki ni nyepesi. Waulizeni wanaolima vanila huku kwetu. Mmea ule asili yake ni Meksiko, na nyuki wanaouchavusha kwao hapa hawapo, kwa hiyo binadamu ndiye anayeifanya kazi hiyo, ua kwa ua, asubuhi ileile linapochanua, maana jioni limeshanyauka. Mbinu hiyo aliigundua mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Mtoto, jamani! Sasa jifikirieni mmeamshwa alfajiri mkachavushe maboga yote ya Bwera kwa kijiti.

Moto una deni lingine huku milimani. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba na madaraja kutoka Kilembe hadi mjini Kasese. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini waliochunguza walitaja pia moto uliokuwa umeunguza mimea ya juu mlimani mwaka uliotangulia. Pasipo mimea, maji hushuka bila kizuizi. Shamba la mteremkoni nalo ni hivyo hivyo kwa kadiri yake: majani ya migomba yakitandazwa chini, hupunguza mbio za maji, na humo hukaa jongoo anayeyageuza udongo na chura anayewinda wadudu usiku. Kinyonga naye mwacheni. Kuna wanaomwogopa hata wakampiga mawe, ilhali hana sumu, na chakula chake ni nzi na panzi.

Msinielewe vibaya lakini, mkaenda kuwaambia mama zenu kwamba Bibi amekataza kusafisha. Buni zilizoanguka na zilizosahaulika mtini ziokoteni zote, maana ndimo anamojificha mdudu anayetoboa kahawa. Mgomba wenye mnyauko ukatwe, na panga lipitishwe motoni kabla halijagusa mgomba mwingine. Hapo moto una kazi yake. Pembeni ya nyumba na njia ya chooni fyekeni, nyoka asipate maficho.

Shamba lililobaki ligawanyeni: nusu lisafishwe msimu huu, nusu lingoje ujao. Matete na mabua yenye matundu yafungeni mzigo, mwuweke chini ya upenu pasipolowa. Mvua zikishika, chungulieni vizibo vya matundu. Mkivikuta vimetobolewa, wenyewe wameshatoka. Tupeni mzigo huo kwenye shimo la mbolea, mfunge mwingine.